'Njoo Kesho' Haikatiwi Rufaa



Jumamosi iliyopita tulikuwa saba kwenye chumba kimoja cha hosteli, tunaangalia filamu kwenye laptopu ya rafiki yangu. Filamu yenyewe ni ya zamani, haina rangi, Kihispania mwanzo mwisho, na tafsiri inapita chini haraka kama konda anayetaja vituo. Inaitwa La muerte de un burócrata, yaani Kifo cha Mrasimu. Ilitengenezwa Cuba mwaka 1966, chini ya utawala wa Fidel Castro. Tulicheka mpaka chumba cha pili wakagonga ukuta.

Ilipoisha, mmoja wetu akasema, "Ndiyo maana siupendi ukomunisti." Mwingine, kamanda mzuri tu, mtu ambaye amelala mahabusu kwa ajili ya chama hiki, akamjibu, "Siyo ukomunisti, ni watu. Siku tukiingia sisi tunaweka watu wetu, watu makini, haya mambo yanaisha." Wote wakatikisa vichwa kukubali.

Mimi sikutikisa. Na tangu siku hiyo sentensi ile ya pili haijanitoka. Ndiyo sababu naandika, na najua kuna watakaonuna.

Kwanza nikusimulie kama hujaiona. Kuna fundi anaitwa Paco, mfanyakazi wa mfano. Amebuni mashine ya kutengeneza kwa wingi sanamu za José Martí, shujaa wa uhuru wa Cuba, kichwa na mabega, ili kila kona ya nchi ipate ya kwake. Siku moja mashine ile ile inammeza. Kwenye mazishi hotuba zinatolewa, sifa zinamwagwa, na kwa heshima ya tabaka la wafanyakazi wanaamua azikwe na kadi yake ya kazi. Inapendeza, watu wanalia.

Mjane anakwenda na mpwa wake, Juanchín, kufuatilia pensheni. Karani anauliza: kadi ya kazi ya marehemu iko wapi? Kadi iko kaburini. Basi bila kadi hakuna pensheni. Juanchín anakwenda makaburini kuomba kaburi lifukuliwe. Anaambiwa sheria hairuhusu kufukua maiti kabla ya miaka 2, labda kwa amri ya mahakama. Anazungushwa mpaka anachoka, halafu anafanya kile ambacho wewe na mimi tungekifikiria: anatafuta watu, wanakwenda usiku, wanafukua. Kunatokea kizaazaa, wenzake wanakimbia, yeye anabaki na jeneza. Kadi kaipata. Maiti pia kaipata.

Sasa arudi kuzika. Msimamizi wa makaburi anakataa. Kwa nini? Kwa mujibu wa daftari, marehemu tayari yuko kaburini. Huwezi kumzika mtu aliyekwisha kuzikwa. Kama ametoka, lete kibali cha kumtoa. Kwa hiyo Juanchín anahangaika maofisini kutafuta kibali cha kufukua maiti ambayo iko nyumbani kwa shangazi yake, inawekewa barafu, huku ndege wala mizoga wanazunguka juu ya paa.

Mwisho wake mnaujua kutokana na jina la filamu. Juanchín anamnyonga msimamizi kwa mikono yake na anaondolewa akiwa amefungwa kama kichaa.

Tulicheka sana pale kwenye jeneza. Mimi nilianza kucheka, nikanyamaza katikati. Nilimkumbuka bibi.

Nikiwa mwaka wa pili mama alinituma nimsindikize bibi kwenye ofisi fulani kufuatilia malipo ya babu, ambaye alitumikia umma maisha yake yote na akafariki bila kuacha kitu zaidi ya heshima. Bibi alikuwa amejaza kila fomu. Cheti cha kifo anacho, cheti cha ndoa anacho, barua ya serikali ya mtaa anayo, hati ya mirathi anayo. Dada wa dirishani akapekua, akasema: inatakiwa barua ya kwanza ya ajira ya marehemu, nakala halisi. Bibi akamwambia kwa upole, "Mwanangu, hiyo barua mliichukua ninyi, imo kwenye faili lake." Dada akasema faili halionekani. Ili faili litafutwe inatakiwa namba iliyoko kwenye barua ya ajira.

Mnaona? Kadi ya Paco ilikuwa kaburini, barua ya babu ilikuwa kwenye faili. Waliomtaka bibi alete karatasi ndio walioizika.

Nikajitia usomi. Nikauliza, "Samahani dada, ni kifungu gani kinachosema hivyo?" Akanitazama juu mpaka chini. "Unasoma sheria? Hongera. Njooni kesho, mhusika hayupo." Tulikwenda kesho. Tulikwenda na kesho kutwa. Safari ya nne bibi alivaa viatu vya kanisani, akidhani labda hatukuonekana watu wa maana.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo nilipotaka kufika. Hakuna hata siku moja bibi alikataliwa. Hakuna aliyemwambia, "Mama, hustahili, na hii hapa sababu." Angeambiwa hivyo kwa maandishi, tungekuwa na kitu mkononi. Uamuzi una tarehe, una sahihi, una jina la aliyeuamua. Uamuzi unaweza kuupeleka kwa mkubwa wake, ukaupeleka Mahakama Kuu. Lakini "njoo kesho" unaipeleka wapi? Haina sahihi. Haina muhuri. Haina kifungu. "Njoo kesho" haikatiwi rufaa.

Wanaosoma sheria ya utawala wataniunga mkono. Ipo amri ya mahakama ya kumlazimisha ofisa wa umma atimize wajibu wake. Ni silaha nzuri. Lakini kwenye kesi moja ya mwaka 1986 dhidi ya Mkuu wa Mkoa wa Kagera, ambayo tunakaririshwa wote darasani, Mahakama Kuu iliorodhesha masharti yake, na la kwanza ni kwamba mwombaji awe ameomba ofisa atekeleze wajibu wake na ofisa akakataa. Akakataa! Karani anayekuambia "njoo kesho" hajakataa. Ana tabasamu kabisa. Hajui amekariri somo gumu kuliko wewe uliyekaa miaka minne chuoni.

Rudini kwenye filamu mkaiangalie upya kwa jicho hilo. Kila dirisha analofika, Juanchín anaelekezwa dirisha jingine. Kila ofisa anafuata utaratibu wake. Hakuna anayemwonea kwa chuki, hakuna anayesema waziwazi, "Mjane huyu asilipwe." Ukikusanya vijiutaratibu vyote hivyo, unapata mwanamke asiye na hela na maiti sebuleni. Dhuluma imefanyika, dhalimu hayupo. Ukimtafuta utaambiwa katoka kidogo.

Turudi kwa kamanda wangu na "watu wetu makini".

Aliyeongoza filamu hii, Tomás Gutiérrez Alea, hakuwa mpinzani wa mapinduzi ya Cuba. Alikuwa wao. Alikuwa miongoni mwa walioanzisha ICAIC, taasisi ya filamu iliyoundwa na serikali ya mapinduzi Machi 1959, kabla hata miezi mitatu haijatimia tangu Batista akimbie. Na tena alikuwa mwenzangu: alimaliza shahada ya sheria Chuo Kikuu cha Havana, kisha akaenda Rome kusomea filamu. Castro naye alisoma sheria chuo hicho hicho. Kwa hiyo filamu hii si kejeli ya adui aliyekaa Miami. Ni mtu wa ndani anawatazama watu wake, miaka 7 tu baada ya ushindi.

Miaka 7, makamanda. Maofisa wale wa mwaka 1966 ni watu wa mapinduzi. Wengine walibeba hatari kubwa kuliko yoyote tuliyobeba sisi na kadi zetu za chama. Kama dawa ya urasimu ingekuwa "watu wetu", Cuba ingepona siku ya kwanza.

Wala msiseme hawakujua ugonjwa. Mwaka 1963 Che Guevara aliandika makala nzima dhidi ya urasimu, akiwa waziri. Serikali yenyewe iliendesha kampeni dhidi ya urasimu miaka hiyo hiyo ya filamu. Che huyohuyo alikaa kwa siri hapa Dar es Salaam, kwenye ubalozi wa Cuba, kuanzia mwishoni mwa 1965 mpaka mwanzoni mwa 1966, akiandika kumbukumbu za kushindwa kwake Congo. Hawa si watu wasioona. Waliona, wakaandika, wakahutubia.

Walichokosa ni kitu kimoja: mahali ambapo Juanchín angeweza kwenda na kusema "hapana", na ofisi ikalazimika kujibu. Hebu tuhesabu. Magazeti yasiyo ya serikali yalikuwa yamekwisha tangu 1960. Oktoba 1965 kilitangazwa Chama cha Kikomunisti, chama pekee. Bunge la kuchaguliwa halikuwepo, lilikutana kwa mara ya kwanza Desemba 1976, mwaka ule ule walipopata Katiba mpya. Juanchín angemwendea mbunge yupi? Mwandishi yupi? Chama kipi cha upinzani kingelibeba jeneza lile mpaka mlango wa wizara? Hakimu anatajwa kwenye filamu kama jina la karatasi nyingine inayotafutwa, basi. Ndiyo maana mkono wa Juanchín uliishia shingoni mwa msimamizi. Ukifunga milango yote ya sheria, hujamfanya mtu awe mtulivu. Umemwachia mlango mmoja, na ule ni mbaya.

Kuna watu watanijibu: mbona filamu iliruhusiwa? Ni kweli, na tusiwe wanafiki, tuwape haki yao. Ilitengenezwa na taasisi ya serikali, Wacuba wakaiona, wakacheka. Wenzao wa Hungary hawakubahatika hivyo. Filamu ya A tanú ya Péter Bacsó, inayomcheka mkubwa wa chama na mashahidi wa kupikwa, ilikamilika mwaka 1969 ikafungiwa karibu miaka 10. Kwa hiyo ndiyo, Cuba waliruhusu watu wacheke.

Lakini kuruhusiwa kucheka si sawa na kuwa na haki ya kushtaki. Ruhusa anakupa mtu, na siku akiamka vibaya anaichukua. Juni 1961 Castro mwenyewe aliwaambia wasanii na waandishi mpaka ulipo: ndani ya mapinduzi kila kitu, dhidi ya mapinduzi hakuna kitu. Na nani anaamua kipi kiko ndani? Yeye. Mwaka 1995 Alea, akiwa mgonjwa, alitoa pamoja na Juan Carlos Tabío filamu yake ya mwisho, Guantanamera. Inahusu nini? Maiti tena! Bibi kafia Guantánamo, anatakiwa kuzikwa Havana, na mrasimu mmoja ana mpango wake wa kubadilisha magari ya maiti kila mkoa ili mikoa igawane gharama. Miaka 29 imepita, maiti bado iko njiani inangoja karatasi. Alea alifariki mwaka 1996. Mwaka 1998 Castro aliishambulia filamu hiyo hadharani. Ruhusa ikawa imeisha.

Piga hesabu: kutoka 1966 mpaka 1995 watu walicheka. Kicheko hakikumlipa mjane hata mmoja.

Na sisi tusijifanye tuko mbali. Mwaka ule ule wa 1966 Tanzania ilianzisha Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ya kwanza ya aina yake Afrika, ipokee malalamiko ya raia dhidi ya maofisa. Wazo zuri kabisa. Nchi ilikuwa ya chama kimoja na Mwalimu aliona kwamba raia lazima awe na pa kulalamika. Lakini tume ilichunguza, ikaandika ripoti, ikampelekea Rais, na Rais ndiye akaamua. Ukishinda, umeshinda kwa hisani. Haki za raia hazikuingia kwenye Katiba mpaka mwaka 1984, na hata hapo mahakama zikaanza kuzisimamia mwaka 1988. Tangu Uhuru, mwaka 1961, zaidi ya miaka 20 raia aliambiwa akiwa na tatizo amwone mkubwa mwenye huruma.

Tumeirithi tabia hiyo, tena tunaipenda. Tunapiga makofi kiongozi akisimama jukwaani na kumfukuza kazi mkurugenzi mbele ya kamera. Tulipiga makofi wakati wa "kutumbua majipu", hata baadhi yetu wapinzani, msikatae, tulikuwepo. Mama mmoja kasimama na bahasha yake, kapewa kipaza sauti, kalia, kasaidiwa. Vizuri. Na wale elfu waliobaki nyumbani ambao kipaza sauti hakikuwafikia? Hiyo si haki, ni bahati nasibu. Juanchín hakuhitaji rais apite makaburini. Alihitaji karatasi moja iliyoandikwa: ombi lako limekataliwa, sababu ni hii, una siku kadhaa za kukata rufaa, na rufaa inakwenda pale.

Hilo ndilo ninalotaka tulibebe kama vijana wa chama, liingie kwenye ilani, tena kwa maneno mepesi. Kila ombi la raia kwa ofisi ya umma lijibiwe kwa maandishi ndani ya muda uliowekwa. Jibu liwe na sababu na jina la aliyeamua. Muda ukipita bila jibu, kimya kihesabiwe ni kukataliwa, ili mtu awe na cha kupeleka mahakamani siku inayofuata. Na mlango wa mahakama usizidi kubanwa. Leo ukitaka kuishtaki serikali unatoa kwanza taarifa ya siku 90. Mwaka 2020 sheria ilirekebishwa ili anayefungua shauri la haki za msingi aonyeshe yeye mwenyewe kaathirikaje. Maana yake ilikuwa kwamba jirani hawezi kumsemea bibi yangu. Ilibidi bibi mwenyewe aje, na viatu vyake vya kanisani.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji "mtu makini". Linamhusu karani mvivu, karani mwema na karani mwenye chuki kwa kipimo kimoja.

Sasa sehemu ya kununa.

Miezi saba iliyopita mimi na wenzangu wanne tuliandika barua kwa ofisi yetu ya chama, ngazi ambayo sitaitaja, kulalamikia namna jina la mgombea lilivyobadilishwa baada ya kura za maoni kwenye kata moja. Barua ya heshima, ukurasa mmoja, tumetaja vifungu vya katiba ya chama. Tukagongewa muhuri wa kupokelewa. Wiki mbili baadaye tukaambiwa katibu yuko ziarani. Mwezi uliofuata tukaambiwa barua iko kwa mwenyekiti. Kisha tukaambiwa, "Vijana, hiki si kipindi cha kulumbana, adui yuko nje." Mara ya mwisho nilipopiga simu nikajibiwa kwa upole sana na kamanda ninayemheshimu, "Dada, tutakutafuta."

Tutakutafuta ni mdogo wake njoo kesho. Baba mmoja, mama mmoja.

Sisemi malalamiko yetu yalikuwa sahihi. Huenda tulikosea, huenda jina lilibadilishwa kwa sababu nzuri kabisa. Basi tuandikieni hivyo! Tuandikieni "mmekosea, kifungu fulani kinaruhusu", tutakwenda nyumbani kimya. Watu watano tulioandika, wawili hawaji tena vikaoni. Hawakuhama chama, wala hawajagombana na mtu. Wamechoka tu. Vyama haviwapotezi watu wote kwa kununuliwa, makamanda. Wengine vinawapoteza dirishani.

Najua jibu la haraka: chama ni kidogo, hakina fedha, viongozi wanakamatwa, utaratibu wa barua unangoja siku tukishika dola. Ndugu zangu, tabia ya ofisi haiji na dola. Wale maofisa wa Havana hawakugeuka kuwa warasimu siku walipopewa viti. Walizoea, tangu wakiwa wapiganaji, kwamba aliye ndani ya mapambano hahojiwi, kwa sababu yuko upande wa haki. Viti vilikuta tabia imeshakaa.

Kwa hiyo tarehe ya leo iandikwe. Naiomba ofisi husika itujibu kwa maandishi ndani ya siku 30, ndiyo au hapana, na sababu. Likija jibu, hata la kunikaripia, nitalichapisha hapa hapa na kushukuru. Zikipita siku 30 bila jibu, nitahesabu kimya hicho ni kukataliwa, na rufaa yangu nitaipeleka ngazi ya juu kama katiba yetu inavyoniruhusu.

Kuhusu bibi: hajalipwa. Mwezi ujao tunakwenda tena, na safari hii nimemwandalia karatasi. Ina mstari wa jina la ofisa, mstari wa sababu, mstari wa sahihi na mstari wa tarehe. Nitaipitisha dirishani na kumwomba dada ajaze. Akikataa kujaza, nitamwomba aandike kwamba amekataa.